Thamani Hii Mmeipataje?

Mhadhara kwa umma kuhusu ushuru wa vifurushi vinavyotoka ng'ambo



Nimekuja na boksi. Hili hapa mezani. Ni la jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye amenipa ruhusa nilisimulie ilimradi nisimtaje jina. Mtaani sote tunamwita Mwalimu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Mliokaa karibu mnaona kwamba limefungwa kwa utepe wa aina mbili. Ule mweupe unaopitisha mwanga aliufunga kijana wake huko Uingereza, akauzungusha mara nne kama mtu asiyeamini safari. Ule wa kahawia uliwekwa huku, baada ya boksi kufunguliwa na kukaguliwa. Ubavuni kuna karatasi, na kwenye sehemu ya maelezo ya bidhaa kijana ameandika neno moja tu, zawadi. Thamani: pauni 10.

Ndani yake mlikuwa na blenda mpya, pasi ya umeme, kipimo cha presha kwa ajili ya Mwalimu mwenyewe, na vitabu vya hadithi vya wajukuu. Mtu yeyote aliyewahi kushika blenda dukani anajua kwamba vitu hivyo vyote haviwezi kuwa vya pauni 10. Kijana hakuwa mwizi. Aliambiwa na wenzake kwamba ukiandika zawadi na ukaweka bei ndogo, mzigo unapita. Ushauri huo ndio uliomtia mama yake matatani.

Mwalimu alinijia jioni akiwa na karatasi ya malipo aliyopewa na kampuni iliyoleta mzigo. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa miaka 19, na kwa hiyo watu wa mtaani huniletea karatasi kama wanavyomletea nesi majirani wenye homa. Akakaa, akavua miwani, akaniambia: "Mwanangu, mtoto ameninunulia. Mbona naambiwa nivinunue tena?"

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Nataka nilijibu kwa uzito wake, kwa sababu nimelisikia kwa sauti nyingi, nyingine za hasira na nyingine za kukata tamaa, na mara nyingi aliyeuliza alijibiwa kwa mabega.

Kwanza tukumbuke kwamba jambo hili si geni pwani hii. Hata maneno yake tumeyarithi kutoka bandarini. Forodha na ushuru yote yametoka Kiarabu, na ushuru kwa asili yake ni sehemu moja ya kumi. Ukienda Unguja, bustani ya Forodhani, pale watu wanapokula pweza na urojo jioni, imebeba jina la kazi iliyokuwa ikifanyika ufukweni. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba na Marekani, na humo ushuru wa bidhaa zao ukawekwa asilimia 5. Ile nguo ya pamba ambayo bibi zetu waliiita merikani ililetwa na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ikapita kwa kiwango hicho.

Lakini si Sayyid mwenyewe aliyekuwa akikusanya. Kazi ya forodha ilikodishwa. Kampuni ya Jairam Shivji, Mhindi wa Kachi, ilikuwa ikimlipa mtawala kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, na kilichozidi katika makusanyo kilikuwa chake. Fikirini hali hiyo kwa dakika moja. Anayekaa mezani kukadiria mzigo wako ndiye huyo huyo anayekula tofauti. Kiwango kilijulikana, kimeandikwa kwenye mkataba na kutiwa saini, ila thamani ya mzigo ilitamkwa na mtu mwenye faida katika kuitamka. Tangu siku hizo hadi leo, mimi nasema, mgogoro wa forodha haujawahi hasa kuwa wa asilimia. Ni wa thamani, na wa nani anaitaja, na kama yuko tayari kuieleza.

Leo hakuna tena anayekodishiwa forodha. Tuna Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ambao itifaki yake ilitiwa saini Arusha tarehe 2 Machi 2004 na kuanza kazi tarehe 1 Januari 2005. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka huo huo wa 2004, inayotumika Namanga, Mutukula na Dar es Salaam kwa maneno yale yale. Na tuna Ushuru wa Pamoja wa Forodha wenye ngazi zake: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa bidhaa ambazo nchi zetu zinajitahidi kuzitengeneza zenyewe, kama nguo na samani. Ziko pia bidhaa zilizowekwa pembeni kwa ulinzi wa pekee. Mitumba ni mojawapo: asilimia 35 ya thamani au senti 40 za dola kwa kila kilo, kile kitakachokuwa kikubwa.

Kwa hiyo kifurushi kinapofika, mambo matatu huamuliwa. Hiki ni kitu gani? Kina thamani gani? Kiwango chake ni kipi? La tatu linajijibu lenyewe ukishajibu la kwanza, kwa maana kila kitu duniani kina namba yake. Namba hizo hutoka katika mfumo wa uainishaji wa bidhaa wa Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, ulioanza kutumika mwaka 1988 na wenye makundi zaidi ya 5,000. Blenda ina namba yake, pasi ina yake. Kitabu kilichochapishwa kina namba yake, na kiwango chake katika ushuru wetu wa pamoja ni asilimia 0. Kipimo cha presha kimo miongoni mwa vifaa vya tiba, nacho ni asilimia 0.

Sasa tazameni lile neno la kijana: zawadi. Hakuna namba ya zawadi. Ofisa anayesoma neno hilo hajaambiwa kitu. Atafungua, au, akiwa na maboksi 300 ya kumaliza kabla ya jioni, atayaweka yote yaliyomo kwenye fungu moja la bidhaa mchanganyiko na kuyatoza kama bidhaa zilizokamilika. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwenye karatasi ya Mwalimu. Thamani ilikadiriwa shilingi 400,000 kwa jumla, ushuru asilimia 25 ambao ni shilingi 100,000, kisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, hii tunayoiita VAT, asilimia 18.

Hapo kwenye VAT naomba tusimame, kwa sababu ndipo wengi wanapohisi wameibiwa. Asilimia 18 haipigwi kwenye 400,000. Inapigwa kwenye thamani ukijumlisha ushuru, yaani 500,000, ikatoka 90,000. Ukiongeza 100,000 ya ushuru unapata 190,000 kabla hujafika kwenye tozo ndogo ndogo, kama ile ya kuendeleza reli. Anayejumlisha 25 na 18 kichwani atapata 43, atarajie 172,000, na akiambiwa 190,000 ataona shilingi 18,000 zimeingia mfukoni mwa mtu. Hazikuingia. Ni kodi iliyopanda juu ya ushuru, na sheria ndiyo iliyoipandisha. Nimeona ndugu wakigombana kaunta kwa sababu ya hesabu hiyo moja, na hakuna aliyechukua kalamu kumwonesha mwenzake.

Narudi kwenye zawadi, kwa sababu imani juu yake ina mizizi mirefu. Watu wanaamini kitu kisichonunuliwa na mpokeaji hakina thamani ya forodha. Kinyume chake ndiyo kweli. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani, ambazo sheria yetu imezichukua katika Jedwali lake la Nne, zinaanza na bei halisi iliyolipwa au inayopaswa kulipwa katika mauzo. Ndiyo njia ya kwanza, na ndiyo inayomlinda mnunuzi: umenunua kwa bei hii, risiti hii hapa, basi bei hii ndiyo thamani. Zawadi haina mauzo kati ya anayetuma na anayepokea. Kwa hiyo njia ya kwanza inafungwa, na ofisa anashuka kwenye zinazofuata, aangalie vitu vile vile vilivyoingia nchini karibuni vilithaminiwa kiasi gani, akivikosa, aangalie vinavyofanana navyo, na kuendelea hivyo mpaka njia ya sita. Anayeandika zawadi kwa matumaini ya kukwepa anakuwa ameitupa ngao yake mwenyewe. Ni heri kijana angetumbukiza humo risiti ya duka, na kueleza kwamba alilipa yeye, ili ofisa awe na pa kuanzia.

Tena bei ya uongo ina hatari yake. Kutoa tamko la uongo forodhani ni kosa la jinai katika sheria hiyo hiyo. Simwombei mtu yeyote kifungo kwa sababu ya blenda, na sijaona aliyefungwa kwa sababu hiyo. Lakini bei ya pauni 10 inafanya jambo jingine baya la kila siku: inamwondolea mpokeaji ujasiri. Mwalimu, aliyefundisha watoto hesabu kwa zaidi ya miaka 30, alishindwa kuuliza hesabu ya mzigo wake mwenyewe kwa sababu alijua karatasi ya mwanawe ina uongo. Alisimama pale akiwa ameinamisha kichwa. Mtu aliyeinamisha kichwa haulizi, na asiyeuliza hulipa chochote atakachoambiwa, au hutafuta wa kumsaidia pembeni kwa kitu kidogo. Rushwa ya forodha naijua. Sijawahi kuiona ikizaliwa na ukubwa wa kiwango. Huzaliwa pale hesabu isipoandikwa, mazungumzo yakashika nafasi yake.

Ndiyo maana nimekuja na kifungu kimoja cha sheria mfukoni, nacho ni cha 122. Kinasema mwenye mzigo akiomba kwa maandishi, ana haki ya kupewa maelezo kwa maandishi ya jinsi thamani ya forodha ilivyopatikana. Haki hiyo haikuwekewa sharti la kontena. Mwenye boksi moja anayo sawasawa na mwenye meli. Na kanuni zile za Jedwali la Nne zinakataza thamani za kubuni na thamani za chini zilizopangwa tu mezani kwamba blenda zote ni kiasi fulani. Lazima thamani iwe na njia, na njia iwe na jina.

Kipo na kifungu cha 229. Usiporidhika na uamuzi, unazo siku 30 za kumwandikia Kamishna kuomba aupitie upya. Naye anazo siku 30 za kukujibu kwa maandishi pamoja na sababu zake. Asipojibu ndani ya muda huo, sheria inamhesabu kuwa amekubali ombi lako. Narudia, ndugu zangu, maana nikisema hivi watu hudhani nimekosea: ukimya wake ni ushindi wako. Waliotunga sheria ile waliona mbali. Walijua kwamba silaha ya kawaida ya ofisi dhidi ya mtu mdogo ni njoo kesho, wakaigeuza makali. Na akikujibu usiporidhika, kuna siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la rufani za kodi. Katika miaka yangu yote ya kazi, wateja wenye vifurushi waliotumia kifungu hiki hawafiki vidole vya mkono mmoja. Mawakala tunabeba sehemu ya lawama hiyo, nami najihesabu humo. Mteja akituuliza tulikuwa tunamwambia lipa tu mama, utachelewa.

Kuna kitu kingine kwenye karatasi ya Mwalimu, na hiki kinawahusu wasafirishaji. Mstari wa mwisho ulikuwa jumla moja nene, na ndani yake mlikuwamo shilingi 85,000 ambazo si za serikali: ada ya kushughulikia nyaraka, ada ya kuhifadhi, ada ya kumlipia kodi kwanza. Kampuni siitaji, na huenda kila ada ilikuwa na kazi nyuma yake. Ila zilikuwa zimechanganywa na kodi, na Mwalimu alitoka pale akiilaumu serikali kwa fedha ambazo haikuzigusa. Omba mistari itenganishwe. Fedha ya serikali hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, na inaacha risiti yake. Isiyo na namba hiyo ni bei ya huduma, na bei ya huduma inaweza kuulizwa, kulinganishwa, hata kupunguzwa.

Sasa yuko kijana pale mlangoni anatikisa kichwa, nadhani anataka kuuliza kwa nini tusiviachie tu vifurushi vidogo vipite bure. Ni swali la haki, na dunia nzima imekuwa ikilijibu mbele ya macho yetu. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukisamehe VAT kwa vifurushi visivyozidi yuro 22, msamaha huo ukafutwa tarehe 1 Julai 2021. Hata hivyo mwaka 2024 viliingia Ulaya vifurushi vya bei ndogo takriban bilioni 4.6, vingi mno kutoka China. Marekani ilikuwa ikiruhusu mzigo wa hadi dola 800 upite bila ushuru tangu mwaka 2016. Mei 2025 iliifunga njia hiyo kwa China na Hong Kong, na tarehe 29 Agosti 2025 ikaifunga kwa nchi zote. Wiki hiyo mashirika mengi ya posta duniani yalisimamisha kupokea vifurushi vya kwenda Marekani, kwa kuwa hayakuwa na namna ya kukusanya ushuru mpya. Hapa mjini wapo kina mama wanaotuma vikapu na khanga kwa wateja na ndugu huko, na sasa nao wanauliza swali lile lile la Mwalimu, wakiwa upande wa pili wa bahari.

Mimi siungi mkono kuachia kila kitu. Nenda Kariakoo ukakae na mwenye duka la vyombo. Ameagiza, amelipa ushuru, amelipa VAT, amelipa pango, ameajiri vijana wawili. Mlango wa pili, mtu anaingiza blenda ile ile kumi kumi katika maboksi yaliyoandikwa zawadi, kila boksi kwa jina la shangazi mwingine, na kuziuza kwenye simu kwa bei isiyoshindika. Mwenye duka akifunga, vijana wawili wanarudi barazani. Ushuru una kazi yake, na anayeukwepa huuhamishia kwa jirani.

Ila ningependa serikali zetu zifanye jambo moja kwa mpokeaji wa kifurushi kimoja, nalo ni kumpa hesabu kabla hajaja. Taarifa zipo. Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, una fomu zake za CN22 na CN23 ambazo mtumaji hujaza kitu kwa kitu, uzito na thamani, na siku hizi taarifa hizo husafiri kwa njia ya kielektroniki mbele ya mzigo. Kama namba na thamani zimetangulia, makadirio yanaweza kumfikia mpokeaji kwenye simu yake, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari: kitu, namba yake, thamani na njia iliyotumika, asilimia, jumla. Mtu akija kaunta anakuja ameshakubali au ameshajiandaa kuuliza. Foleni inapungua, na wale wanaozungukazunguka nje ya mlango wakinong'ona, mzee nikusaidie, wanakosa kazi.

Nimalizie habari ya boksi. Tuliandika barua moja, mimi nikiwa na kalamu na Mwalimu akinisahihisha nukta na vituo. Tulikiri kwanza kwamba pauni 10 haikuwa bei ya kweli, tukaambatisha risiti ambazo kijana alizituma kwa simu usiku ule. Tukaomba maelezo ya maandishi ya thamani, na tukaomba kila kitu kiwekwe kwenye namba yake.

Majibu yalikuja siku ya tisa. Kwenye blenda na pasi hawakusogea hata shilingi, na walieleza sababu. Walikuwa wamelinganisha na bidhaa za aina hiyo hiyo zilizoingia karibuni, na thamani waliyoweka haikupishana mbali na risiti zetu. Walikuwa sahihi, na Mwalimu alikubali bila kinyongo. Vitabu na kipimo cha presha, ambavyo vilikuwa shilingi 160,000 katika ile thamani ya jumla, vilitolewa kwenye fungu la mchanganyiko na kupewa asilimia 0. Ushuru peke yake ukashuka kwa 40,000, na VAT iliyokuwa imeupanda ikashuka nao. Karatasi mpya ilikuwa na mistari minne badala ya mmoja. Mwalimu aliisoma yote kwa sauti, akarudia hesabu pembeni kwa penseli, akatia alama ya vema.

Kisha akampigia mwanawe. Nilikuwa nimeketi hapo hapo, na simu ilikuwa imefunguliwa spika. Hakumgombeza. Alimwambia achukue karatasi kwa ajili ya boksi litakalofuata, na akamsomea taratibu kama alivyokuwa akisoma imla darasani: "Andika. Birika la umeme, moja, jipya, bei kama ilivyo kwenye risiti. Nukta. Vitabu vya watoto vilivyochapishwa, sita. Nukta. Risiti weka ndani ya boksi, juu kabisa, usiifiche chini. Umeandika? Nisomee."